Aliyetusimulia Habari za Mashahidi

Kila Ijumaa alasiri chumba chetu cha mtaa wa Najma, Doha, kiligeuka kanisa. Tulikuwa walinzi wachache, Wakatoliki kutoka Kenya na Uganda, ambao zamu zilitunyima misa. Tuliketi juu ya vitanda, na aliyetuongoza alikuwa rafiki yangu, mtu wa Machakos aliyewahi kusoma seminari. Mimi ndiye niliyempokea alipofika Doha, nikamfundisha hata mabasi ya kupanda.

Alipenda kutusimulia habari za wale watawa Wafransisko wa kwanza waliotumwa Moroko, karne nyingi zilizopita. Walifukuzwa, wakarudi. Wakafungwa, wakaambiwa waikane imani yao waachwe hai. Wakakataa, wakauawa. Akifika hapo sauti yake hukatika.

"Ndugu zangu," alituuliza, "ingekuwa sisi?"

Mimi nililia, wala sikuona haya.

Ijumaa moja tuliimba kwa sauti mno. Msimamizi wa nyumba, Mkenya mwenzetu, akafungua mlango. Mikusanyiko vyumbani ilikatazwa, na sote tulijua.

"Nani amewaita hapa?"

Nilimtazama rafiki yangu. Rozari aliyoishika akaitia mfukoni taratibu.

"Ni huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Chumba ni chake. Mimi nimekuja kuchukua chaja tu."

Wengine waliinamisha vichwa.

Wiki hiyohiyo nilihamishiwa mji wa Al Wakrah, kulinda jengo ambalo halijaisha, juani kutwa. Mwenzangu wa chumba, Mwislamu wa Kwale, alinibebea begi hadi kwenye gari. "Pole, bro," akasema. "Ningekuwepo ningewaambia ukweli. Lakini nilikuwa kazini."

Miezi ilipita ndipo nikamkuta rafiki yangu nje ya kanisa, baada ya misa. Alinikumbatia kabla sijajua la kufanya.

"Kaka, utanielewa. Nina watoto."

"Hata mimi nina watoto."

Akatazama viatu vyake, kisha akaniuliza kama Al Wakrah kuna joto kuliko Doha. Nikamwambia kuna upepo kidogo wa baharini. Tukaagana hivyo, kama watu waliokutana dukani.

Ndani ya basi hasira ilinipanda upya. Hakuna aliyemtaka afe kama wale watawa. Alitakiwa aseme tu, "Ni mimi." Siku hizi nikimwona kanisani, nakaa upande wa pili.