Mfuko Mmoja, Vifungo Viwili

Mtaani walimwita Mama Viti, na walimtania kwamba anawatengenezea wenzake makalio raha huku yeye mwenyewe hajui kukaa. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kochi lililovuliwa nguo limelazwa ubavu, sponji zimerundikwa hadi karibu na dari, cherehani kubwa iko dirishani, na misumari imejaa kwenye kopo la maziwa. Mteja akimwambia, "Mama, keti basi tuongee," yeye humjibu, "Keti wewe uliyeleta kochi. Mimi nasikia vizuri nikisimama."

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mwanamke mtulivu, mjane aliyelea wana wawili kwa sindano na nyundo, hata jirani zake wakasema nyumba ile ingeibiwa naye angemaliza kwanza mshono. Mkubwa aliitwa Ngongoti kwa urefu wake. Mdogo walimwita Cheko, kwa sababu jambo dogo lilitosha kumchekesha na hata kubwa halikumnyamazisha. Wote wawili walikulia katika sponji, wakajifunza kazi kabla ya kujifunza kunyoa ndevu.

Kilichowaingiza kwenye dawa za kulevya ni kile kinachowaingiza wengi: marafiki, kazi haba, na ule udadisi wa ujana unaosema mimi siyo wa kunaswa. Siku moja mchana mama yao alipokwenda kununua vitambaa, waligawana mfuko mmoja wa unga juu ya meza yake ya kukatia. Ngongoti akatia nusu yake mfukoni, kavu vilevile ilivyokuja. Cheko akaipika ya kwake na magadi ndani ya kijiko mpaka ikaganda, ikawa vile vijiwe vya kuvuta ambavyo mtaani wanaviita mawe. Hawakujua kwamba mtu alikwisha kwenda kuwachongea. Polisi walipoingia, kila mmoja alikutwa na nusu yake.

Sheria ya wakati ule iliona unga kuwa kitu kimoja na mawe kuwa kitu kingine kabisa. Ilitungwa kwa hofu, mwaka ambao kila gazeti liliandika habari za mawe, na wabunge wakapitisha kwamba chembe ya mawe ihesabiwe kama kiganja kizima cha unga. Unga ulikuwa wa watu wenye magari. Mawe yalikuwa ya watu wa vichochoroni. Hakimu aliyewasikiliza alikuwa mzee, na hakuonekana kufurahia kazi ya siku ile. Alivua miwani akasema, "Ningekuwa na hiari ningewapa sawa. Lakini sheria haikuniachia nafasi." Ngongoti akapewa mwaka mmoja. Cheko akapewa kumi na miwili.

"Mheshimiwa, ni mfuko mmoja!" Mama Viti alipiga kelele kutoka nyuma.

"Mama, kaa chini," karani akamwambia.

Hakukaa. Askari walimshika mkono wakamtoa nje, na tangu siku hiyo roho yake ikawa juu juu. Alikuwa akianza kushona kiti hiki anakiacha, anashika kingine, anatoka mlangoni kuangalia barabara kama anayengoja mgeni, anarudi. Shoga yake wa nyumba ya pili akamwambia amekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwaka ukapita, Ngongoti akarudi. Dawa aliziacha hukohuko ndani, wala hakuzigusa tena. Alifanya kazi ya watu wawili, akavuta vitambaa hadi vidole vikapasuka. Lakini jambo moja lilimshinda.

"Mwanangu, twende ukamwone mdogo wako," mama yake alimwambia kila ilipofika siku ya kutembelea wafungwa.

"Nikamwambie nini, mama? Kwamba nakula na kulala?"

"Umwambie hujambo."

"Hilo ndilo litakalomuuma."

Basi mama akaenda peke yake. Alikuwa akimtazama Cheko kupitia wavu, na kila safari alimkuta amepungukiwa na kitu. Kwanza mwili, kisha maneno. Ilifika wakati wakawa wanatazamana tu mpaka askari aite. Katika foleni ya getini alizoeana na bibi mmoja mwenye mwavuli wa kijani, aliyekuja kumwona mjukuu wake. Mjukuu huyo naye alifungwa kwa mawe. Bibi yule alikuwa na dawa moja ya kila jambo: "Subira, mwanangu. Subira yavuta heri."

"Basi hii heri, bibi, ina uzito," Mama Viti alijibu. "Tunaivuta miaka yote, haisogei."

Ilisogea kidogo siku wakili mmoja, binti ambaye hakuwa amezidi umri wa Ngongoti, alipoleta viti vya ofisi yake vishonwe upya. Aliwakuta mama na mwana wakibishana kuhusu gereza, akauliza, akaelezwa. Akachezea funguo zake. Kisha akasema kwamba uko mswada bungeni wa kufuta tofauti ile ya unga na mawe, na kamati inatafuta watu walioguswa na sheria ile waje kuzungumza.

"Mimi nikazungumze bungeni?" Mama Viti alicheka. "Nitaanzia wapi?"

"Anzia hapohapo ulipoanzia na mimi, mama."

Lakini mambo ya bunge si kochi, kwamba ukiahidi Jumamosi unampa mtu Jumamosi. Mswada ulisomwa, ukawekwa. Ukapangiwa siku, siku ikaahirishwa. Uchaguzi ukaingia kati, wabunge wakatawanyika kwenda kuomba kura, na waliporudi ikabidi kuanza upya. Mama Viti aliweka redio juu ya cherehani. Ikitajwa bunge, anasimamisha cherehani na kunyanyua kidole, hata mteja akiwa katikati ya sentensi. Mara nyingi ilikuwa habari ya barabara. Alipungua mwili. Alikosea vipimo, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akashona mto wa kiti ukawa mpana kuliko kiti chenyewe. Ngongoti akaufumua.

Hatimaye kamati iliita. Ngongoti alikwenda kumsindikiza tu, ndivyo alivyosema. Chumba kilikuwa kirefu na baridi, chenye meza iliyozunguka pande tatu na vipaza sauti vilivyopinda shingo kama vinachungulia. Wakili alikuwa amemfundisha la kusema, la kwanza, la pili na la tatu. Alipoona taa nyekundu ya kipaza sauti imewaka, yote yakayeyuka.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi ni fundi wa makochi. Nina watoto wawili. Walikosa pamoja, siku moja, kwa mfuko mmoja. Mmoja amerudi zamani, mwingine yuko ndani. Nimeambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi nimeshika misumeno tangu ujana wangu. Huu wenu una meno upande mmoja."

Wengine walicheka, mwenyekiti akatabasamu. Lakini mbunge mmoja wa kike, mtu mzima, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akainua uso.

"Mama," alisema polepole, "mtoto wa dada yangu alikufa kwa hayo mawe. Tulimkuta kwenye mtaro. Wa kwako yu hai, unamtembelea, unamwona. Nikirudi nyumbani nimwambie nini dada yangu? Kwamba tumewapunguzia?"

Kicheko kilikatika. Mama Viti alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa wenye dharau na wenye kiburi, na sasa mbele yake alikuwapo mtu aliyefiwa.

"Pole, mheshimiwa," alisema. "Sina la kumwambia dada yako. Wangu alikosa, na sikuja kusema asifungwe. Nilikuja..." Akakwama.

Ndipo kiti kikaburuzwa nyuma. Ngongoti alikuwa amesimama, urefu wake wote.

"Wewe hukuitwa, kijana," mwenyekiti alisema.

"Najua, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyerudi. Mfuko ule niliuleta mimi. Mdogo wangu hakujua hata unakopatikana. Nilimgawia mimi, na mawe nilimwonyesha mimi kuyapika. Nilipewa mwaka mmoja. Ni hilo tu." Akaketi.

Chumba kizima kilimtazama. Aliyekuwa hamtazami ni mama yake. Alikuwa akimtazama mbunge aliyefiwa, naye mbunge alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa tena, na hakuna aliyeweza kusema kilichokuwa kikipita moyoni mwake.

Walirudi kwa miguu. Mama alitangulia, kanga ikipepea, na ingawa Ngongoti alikuwa na miguu mirefu ilimbidi kukaza mwendo. Walipofika kwenye duka la mbao aligeuka ghafla.

"Miaka yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza nani alituharibu, mama, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba ni mtaa. Nikakuachia mtaa."

Alimpiga kofi moja, hapohapo mbele ya wauza mbao. Kisha akamshika kwa mkono uleule aliompigia, wakaenda hivyo hadi nyumbani bila kuzungumza, na watu wakadhani wametoka msibani.

Mswada ulipita kwenye kamati, ukapita bungeni. Mbunge aliyefiwa alipiga kura ya hapana, na Mama Viti aliposikia hakumlaumu, alisema tu, "Naye ana wake." Mtaani walishangilia, shoga yake akaja na vigelegele. Wakili peke yake ndiye aliyeingia karakanani uso umekunjamana. Sheria mpya, alieleza, ni ya kesi mpya. Waliokwisha fungwa wameachiwa mlango mdogo: kila mmoja apeleke ombi lake mahakamani, na mahakama inaweza kukubali au kukataa.

"Kwa hiyo wamekiri ilikuwa kosa," alisema Mama Viti.

"Wamekiri."

"Lakini waliokosewa waendelee kuomba."

"Ndiyo, mama."

Alichukua nyundo akapigilia msumari mahali pasipohitaji msumari.

Ombi la Cheko lilizunguka ofisi hadi hakimu mwingine, mwanamke, alipolisikiliza na kusema kwamba muda aliokaa unatosha na kuzidi. Ulikuwa mwaka wake wa saba. Juma hilohilo ombi la mjukuu wa bibi mwenye mwavuli lilikataliwa, kwa sababu aliwahi kupigana ndani.

Cheko alirudi na mfuko mdogo wa nguo na mgongo ulionyooka kama wa mtu anayekaguliwa. Alikula haraka, mkono mmoja umezingira sahani. Watu walikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja, wakajaribu utani wao wa zamani, naye akawatazama kwa adabu. Kwa kaka yake alijibu salamu, basi. Walifanya kazi chumba kimoja, huyu akikata, yule akivuta, na kati yao mama alipita akizoa vipande vya nyuzi ambavyo havikuwa na haja ya kuzolewa.

Ndipo ikaja siku ya kupeleka kochi la mteja aliyekaa ghorofani. Ngazi zilikuwa nyembamba na zenye kona. Ngongoti alikuwa juu, Cheko chini, mama nyuma yao akiamuru. Kwenye kona kochi likanasa.

"Inua!" alisema Ngongoti.

"Nimeinua!"

"Hujainua, umelikumbatia."

"Nimebeba mzigo wote!" Cheko alipaza sauti, na sauti yake ikagonga kuta hadi juu. "Siku zote wewe unashika upande mwepesi! Siku zote!"

Mama alipanda ngazi moja akashika kochi lisiteleze.

"Kweli," Ngongoti alisema kutoka juu. "Tubadilishane."

Kubadilishana kwenyewe kulitaka warudishe kochi lote hadi chini. Walilirudisha, ngazi kwa ngazi, wakihema. Chini walisimama wakitazamana kwa mara ya kwanza tangu kutengana kizimbani.

"Kwa nini hukuja kuniona hata mara moja?" Cheko aliuliza.

"Niliona haya."

"Haya! Mimi nilidhani umekufa na mama ananificha."

"Sikufa."

"Naona."

"Jamani," mteja aliita kutoka juu, "kochi linakuja, au nijizoeze mkeka?"

Wakainama wakashika, safari hii Cheko juu na Ngongoti chini. Walibishana hadi juu, kuhusu kona, kuhusu mguu wa kochi, kuhusu nani alishika vibaya, na mama akawafuata bila kuamuru neno. Mguu mmoja ulichubuka; alimwomba mteja radhi akaupaka rangi hapohapo.

Siku ya kutembelea wafungwa ilipofika, Mama Viti aliamka akavaa kama kawaida. Alikuwa amemwahidi bibi kumsindikiza, maana wakili alikuwa anaandaa ombi jingine na bibi alitaka kumpelekea mjukuu habari hizo kwa mdomo wake. Cheko alimwuliza anakwenda wapi. Alipoambiwa, akaanza kutafuta viatu.

"Yule tulilala chumba kimoja," alisema. "Alipigana kwa ajili ya blanketi."

Walikwenda watatu, bibi katikati. Walipofika pale ukuta wa gereza unapoanza kuonekana, Cheko alisimama, jasho likimtoka usoni, akasema atawangoja hapo. Hakuna aliyemlazimisha. Mama alipogeuka getini kumwangalia, alimwona anatembea kutoka mti wa umeme mmoja hadi mwingine na kurudi, huku na huko, na walipotoka alikuwa bado anatembea.

"Amesemaje?" Cheko aliuliza kabla hawajamfikia.