Uvimbe Kwenye Kovu

Titi langu la kushoto lilipoondolewa, mtaa mzima ulinipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani. "Umepona, hakuna tena pa kuugua," jirani yangu alisema kwa uhakika wa bingwa wa upasuaji. Nami nikamwamini.

Mwaka wa pili, nikioga, niligusa kitu kama punje ya choroko chini ya ngozi, pembeni mwa kovu. Nikaamua ni kipele cha joto. Nikakipaka poda wiki kadhaa, choroko ikawa harage. Poda nzuri sana ile.

Hospitalini daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakatoka.

"Mama, saratani imerudi palepale kifuani."

"Si mlilitoa titi lote?"

"Tulilitoa. Ila seli chache zinaweza kubaki kwenye ngozi au msuli. Bahati nzuri, vipimo vinaonyesha haijasambaa. Tutaondoa uvimbe, kisha utapigwa mionzi Dar."

Bahati nzuri! Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi na bahati yangu.

Habari zikafika kijijini kwetu Mgeta, na shangazi yangu akateremka mlimani na njegere na chupa ya maji ya mizizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mionzi itakuunguza. Kunywa hii."

"Imemponya nani?"

"Marehemu jirani yangu."

"Marehemu?"

"Alikufa kwa jambo lingine."

Nilimshukuru, nikapika njegere.

Baada ya upasuaji kidonda kilipokauka, tulipanda treni kwenda Dar, mimi na shangazi. Alisema anakuja kushuhudia ujinga wangu. Kila asubuhi nililala chini ya mashine, isiyouma hata kidogo, na yeye akanisubiri nje akiwaeleza wagonjwa wengine ubaya wa mionzi. Walimpenda sana.

Wiki za mwisho ngozi ya kifua iliungua, ikawa nyeusi na kuchubuka. Shangazi alikuwa sahihi, na nilimsubiri aniambie hivyo. Jioni moja nilivua blauzi, akaona. Alichukua ncha ya khanga yake akanipepea, machozi yakimtiririka, mpaka nikasinzia.

Ngozi imepona sasa. Nameza kidonge cha kuzuia saratani isirudi kila siku, kinanitoa jasho hata Julai, milima ikiwa imefunikwa na ukungu. Kliniki ya juzi daktari alipapasa kovu muda mrefu, kisha akasema, "Pako safi." Nikarudi nyumbani, nikafua.