Kibao cha Ngurumo

Saa sita usiku ilikuwa imepita na simu bado ilikuwa kimya juu ya cherehani. Binti yake Mzee Moshi aliiweka hapo makusudi, mahali ambapo angeiona akiwa jikoni au mlangoni, kana kwamba simu isipotazamwa haitalia. Baba yake aliondoka saa kumi na moja jioni, yeye akiwa nje anaanua nguo. Mlango aliurudishia tu, hakuufunga. Dakika tano hazikufika. Aliporudi na kapu lake alikuta kiti kitupu, na kandambili zimepangwa vizuri chini yake, kwa sababu mzee alikuwa ametoka na viatu vya kazi.

Jirani mwenye duka alimwona akipita. Alimwuliza anaelekea wapi, naye akajibu kwa adabu: "Kuwasha moto. Ngurumo anaondoka alfajiri."

Ngurumo alikuwa kichwa cha treni ya mvuke, na treni za mvuke zilizimwa tangu huyo binti akiwa msichana wa shule.

Mzee Moshi aliingia reli akiwa na miaka kumi na saba, kazi yake kusugua masizi. Baadaye akawa mchochea moto, akala moshi miaka ishirini na sita mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Sikio moja lilikufa kwa kelele. Mkono wa kushoto ulibaki na kovu la mvuke, refu kama mkanda. Mkewe alipofariki alimlea binti yao peke yake, akajifunza kumsuka nywele kwa vidole vilivyozoea beleshi. Misuko yake ilikuwa mibaya, lakini haikufumuka. Miaka miwili hii akili ilikuwa ikimvuja taratibu kama ndoo yenye tundu. Jina la binti yake lilitoka mapema. Majina ya vichwa vya treni hakupoteza hata moja.

Ndiyo maana wenzake watatu walikuwa wakija kila Jumamosi. Kulikuwa na Dereva, ambaye bado alitembea kifua mbele. Na Fundi wa karakana, mtu wa maneno machache. Na Mwalimu, ambaye hakuwahi kufanya kazi reli hata siku moja ila alikuwa na albamu ya picha za vichwa vyote. Ubishi wao ulikuwa mmoja tu: jina lipi lilikuwa zuri kuliko yote, na lipi baya. Usiku huu pia walikuja. Magoti hayakuwaruhusu kuzunguka mitaani, basi wakaketi sebuleni, huku mume wa binti na majirani wakienda stesheni kuu, ambako Ngurumo amesimamishwa mbele ya mlango, amepakwa rangi, watu wanapiga naye picha.

Hofu haikai kimya. Haukupita muda wakaanza.

"Ngurumo ndilo jina," alisema Dereva. "Ukilitaja tu, abiria anashika kofia yake."

"Malkia wa Mlima lina heshima zaidi," alisema Mwalimu, akifungua albamu.

"Malkia gani? Kila kilima anaomba asukumwe!"

"Angalau si Mkurugenzi."

Hapo hata Dereva alicheka. "Mkurugenzi! Hilo halina mpinzani. Anakula makaa kuliko wote, na hafiki popote. Aliyempa jina alijua anachofanya."

Binti aliwaangalia kutoka mlangoni. Alitaka kuwaambia wanyamaze, akashindwa. Walikuwa wazee, na wageni wake. Alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akitabasamu kila wakimtukana Mkurugenzi. "Mtu akishapewa jina baya," alizoea kusema, "hata akikimbilia kazini mtasema anakimbilia kuiba."

Karibu saa kumi simu ililia. Aliidaka kabla ya mlio wa pili.

"Hayupo," alisema mume wake. "Tumetafuta mpaka nyuma ya vyoo. Ngurumo yuko peke yake."

Aliwaambia wazee. Dereva akainamisha kichwa. Mwalimu akafunga albamu. Fundi peke yake ndiye aliyeinuka, akaketi tena, akafuta jasho ingawa usiku ulikuwa wa baridi.

"Mwanangu," alisema, "yule wa stesheni si Ngurumo."

"Umeanza lini kuota macho wazi?" aliuliza Dereva.

"Mwaka ule alipokuja mgeni mkubwa. Alitaka avutwe na Ngurumo, si kingine. Ngurumo tulikuwa tumemfungua, mabomba yote yako sakafuni. Bosi akaniambia, ng'oa kibao cha jina, kifunge kwa Mkurugenzi. Nikafunga. Cha Mkurugenzi nikakipeleka kwa Ngurumo alipotengenezwa. Nikaambiwa nikifungua mdomo, kazi sina. Baadaye nikaona aibu kusema."

"Kwa hiyo mimi, miaka tisa..." Dereva alianza.

"Ulikuwa unaendesha Mkurugenzi, ndugu yangu. Na ulimsifu sana."

Mwalimu alikuwa akipekua picha zake kama mtu aliyeambiwa watoto si wake.

"Moshi alijua," Fundi aliendelea. "Mchochea moto huwezi kumdanganya kwa kibao. Ndiyo maana aliomba ahamishiwe kwa yule mwenye kibao cha Mkurugenzi, mkamwona kichaa."

"Baba mdogo," binti aliuliza, "huyo Ngurumo wa kweli yuko wapi sasa?"

"Banda la zamani la karakana. Anasubiri kukatwa vyuma chakavu."

Walijibana kwenye gari dogo la Mwalimu, likafa njiani mara mbili. Mlinzi aliwapokea kwa tochi usoni. Ndiyo, mafundi waliondoka saa kumi na mbili. Ndiyo, alifunga banda bila kuchungulia, nani angeingia huko? Funguo aliondoka nazo mtu wa stoo. Mlinzi alimpigia simu. Imezimwa. Hakujua anapoishi. Hufika saa mbili asubuhi, na misumeno ya kukatia chuma imo humo humo ndani.

Binti alishika mnyororo. Kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi, na mlango wa chuma ulipanda juu hadi gizani. Ndani, chuma kiligonga chuma.

"Baba!"

Kelele ikakoma. "Nani huyo?"

"Mimi, Baba. Binti yako."

"Binti yangu mdogo, amelala nyumbani. Ondoka kwenye reli, mama. Nashuka kukagua magurudumu."

Fundi alimshika binti mkono. "Asishuke," alinong'ona. "Chini kuna mashimo ya ukaguzi. Yako wazi, marefu kuliko mtu."

"Baba, usisogee! Nakuomba, kaa hapo!" Aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Viatu vya kazi vilisikika vikikanyaga ngazi ya chuma. Kimoja. Cha pili. Hakuna neno alilokuwa nalo ambalo lingemfikia.

Ndipo Dereva alipomsogeza pembeni, akaweka mdomo kwenye ufa, akanguruma kwa sauti ambayo hakuitumia tangu alipostaafu.

"Mchochea! Hapa dereva. Nani kakuruhusu kuacha moto? Rudi kitini!"

Ngazi ililia tena, mara mbili, hatua zikirudi juu.

"Nimekaa, bwana dereva."

"Usinyanyuke mpaka nikuambie."

"Mpaka lini?"

Dereva aliangalia kufuli, akamwangalia binti. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Binti alitikisa mnyororo, ukarudi mahali pake.

"Mpaka turuhusiwe njia."

"Sawa."

Baada ya muda sauti ya mzee ilitoka tena gizani, imechoka kidogo. "Bado?"

"Bado," alijibu Dereva.