Nilivyodeki Nyayo za Mwizi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyomfanyia mwizi usafi. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka.

Nilikuwa msichana, fundi wa kushona nguo hapa Magomeni, Kilosa. Nilitoka kununua uzi. Narudi, nakuta mlango umevunjwa, cherehani haipo, nyayo za matope sakafu nzima. Unajua nilifanya nini? Nilifagia, nikadeki! Mgeni akute nyumba chafu? Thubutu, sisi hatukulelewa hivyo. Kisha nikaona haya, maana watu wangesema nimezembea. Kila mteja nikamwambia cherehani imeharibika, iko kwa fundi.

Wiki tatu, mwanangu. Mtu akibisha hodi, moyo unaenda mbio. Chakula hakipiti. Nikaamua kuacha kushona, nirudi shamba.

Ndipo shangazi yangu akashuka na treni kutoka Kidete, kufuata gauni lake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Gauni langu?"

"Cherehani iko kwa fundi."

"Fundi gani huyo? Na wewe mbona umekonda hivyo?"

Nikaangua kilio, nikamweleza yote mpaka kudeki. Alinitazama, mkono kiunoni. "Ala! Mwizi kaiba yeye, nyayo umemfutia wewe, na aibu yake umembebea! Chai je, hukumpikia?"

Nilicheka machozi yakinitoka, kicheko cha kwanza tangu siku ile. Akanikokota kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi, nikaandika maelezo. Askari aliposikia habari ya kudeki aliinamia daftari lake. Najua alikuwa anacheka. Polisi wakanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hofu ile huwapata wengi walioibiwa, nirudi tena. Nikarudi mara nne. Jirani akaniazima cherehani yake ya mkono. Yangu haijaonekana mpaka leo, lakini gauni la shangazi nililishona, na usingizi ukarudi.

Basi wewe ukitendewa uhalifu, usiguse kitu, usifiche. Mwambie mwenyekiti, nenda polisi. Ukiumizwa, wahi hospitali. Ukifanyiwa ukatili, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na hata mwanamume anasikilizwa. Ukikosa wa kukusindikiza, njoo unichukue, miguu bado ninayo.

Mungu akulinde, mwanangu. Na kila ukibishiwa hodi, akujalie uitikie "karibu" kwa moyo uliotulia.