Mahari pa Mzee Malimi

Siku ile naikumbuka kwa viatu, mwanangu. Mzee Malimi wa ghorofa ya juu hakuwa mtu wa viatu. Ngazi zetu alizipanda na kuzishuka kwa katambuga zake za tairi, hata humsikii. Siku hiyo nikasikia ko, ko, ko, anashuka taratibu kama mtu anayekwenda kanisani, na kanisani hakuwa anakwenda kwa sababu ilikuwa Jumatano. Nikaacha ndizi nilizokuwa namenya, nikasogea mlangoni. Nilikuwa mdadisi, sikufichi. Hata sasa magoti yameniishia, udadisi bado upo.

Tulikuwa tunakaa maghorofa ya serikali, upande wa Igogo, nyumba aliyopewa baba kwa kazi yake ya ukarani. Sisi ni Wahaya wa Kagera. Juu yetu na ubavuni mwetu walikaa Wasukuma, Wajita, Wakerewe, kila mlango na harufu ya mboga yake. Baba ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, kwa hiyo kila jambo la jengo lilipitia kwenye kochi letu: bomba lililovuja, watoto waliopigana, kuku wa mtu aliyeingia kwa mtu.

Mzee Malimi alikuwa Msukuma wa Magu, mfugaji. Yeye na mkewe, Bibi Minza, waliletwa mjini na mtoto wao Shija, kijana wa bandarini, mrefu, hajaoa, ana meno meupe. Meno nayataja ili historia ikamilike tu.

Basi mzee akaingia, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa kochi. Mimi nikaenda jikoni, yaani nikasimama nyuma ya pazia la jikoni.

"Barozi," akaanza, "nimekuja kwa heshima. Naurizia mahari."

Mwiko wa mama ukasimama sufuriani.

"Mahari?" baba akauliza.

"Ndiyo. Watu wangu watatoka Magu, watakuwa wengi. Sitaki wafike wakute mimi sijui mahari. Nitaaibika."

Baba akajiweka sawa. Kwetu jambo la binti lina ngazi nyingi kuliko lile ghorofa: kuna mshenga, kuna pombe ya ndizi, kuna wajomba ambao lazima wanune kwanza. Mtu haamki tu akashuka kutoka juu akaulizia mahari kama anaulizia bei ya sato sokoni. Akamjibu kwa upole wenye miba kidogo, "Mzee wangu, haya mambo hayaendi mbio. Rudi Jumapili, nitakuwa na ndugu zangu."

"Jumapiri ni mbari, Barozi."

"Na mbari yetu utaambiwa hiyo hiyo Jumapili," baba akasema, akidhani anaulizwa habari za ukoo.

Mzee akainuka. Akashukuru, akaondoka. Viatu vikapanda ngazi polepole kuliko vilivyoshuka.

Siku nzima sikutulia. Shija salamu yenyewe hunipa huku anatembea, leo baba yake anaulizia mahari? Lakini lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja. Kesho yake nikachukua chane ya ndizi iwe kisingizio, nikapanda juu nikaone kuna nini.

Shija hakuwepo, wala mzee. Alikuwepo Bibi Minza peke yake, kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Tulijua anaumwa, ila sikujua kwamba anaumwa vile. Mkono aliouinua kunikaribisha ulikuwa mwembamba hata nikaogopa kuushika.

"Kalibu, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wao humwita hivyo hata binti. "Wewe ndiye wa kwa balozi. Baba yako kasemaje? Mahali pamepatikana?"

Nikabaki na ndizi zangu mkononi. "Mahali gani, bibi?"

"Pa kukaa watu. Siku nikifa."

Alisema kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Akanieleza kwamba kwao mtu akifariki, uwanja wa nyumba yake ndio unaopokea watu. Wanaume wana moto wao, wanawake wana upande wao, na kila anayefika anajua pa kuketi. Hapa tangu aletwe alikuwa akitazama chini dirishani, anautafuta uwanja, hauoni. Akanionyesha kwa kidole. Pale banda la kuku la jirani yetu Mjita. Pale matofali ya fundi mmoja. Pale mchicha uliozungushiwa miiba. Na katikati kabisa, imejaa na kupendeza, migomba ya baba yangu.

"Halafu ngazi," akasema. "Siku walipokuwa wananipandisha niliziangalia. Pale kwenye kona sanduku halikati. Wewe umesoma, mayu, niambie. Watu wa ghorofani hutokaje?"

Sikujua. Nimekulia kwenye zile ngazi, nimecheza rede pale chini, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza swali hilo. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mama yule alikuwa na swali moja kubwa kuliko yangu yote ya siku mbili.

Nikamwambia kuhusu mahari. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Kumbe vijana wa jengo walikuwa wakimcheka mzee kwa kusema "kalibu" na "balabala". Aibu ikamshika. Tangu hapo kila akienda kwa mtu mkubwa huvaa viatu, na kila l inayokuja mdomoni anaigeuza r, zote bila kuchagua, asije akachekwa tena. Hata jina lake siku hizo alijiita Marimi.

"Amejikwaa palepale alipokuwa anapakwepa," Bibi Minza akasema, akifuta macho. Kisha akageukia tena dirisha.

Nilishuka mbio. Baba aliposikia alicheka, mama akashika mlango kwa kucheka. Halafu baba akaniuliza, "Anaumwa kiasi gani?" Nikamwambia. Kicheko kikamtoka usoni. Akatoka nje akasimama uwanjani, anaitazama migomba yake.

Lazima umjue Mhaya na migomba yake. Miche ile aliileta mwenyewe kutoka kwao, imefungwa kwenye gunia, akaisindikiza melini kama mgonjwa. Akirudi kazini aliipitia kwanza, ndipo anaingia kutusalimia sisi. Mama alikuwa na wivu nayo, na hakuficha.

Akaingia ndani, akatoka na panga.

Aliikata mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na nilipotaka kumsaidia akanizuia. Watu wakatoka vibarazani kutazama. Hakumwita mtu. Wa kwanza kushuka alikuwa yule Mjita, akaanza kuburuta banda lake la kuku. Kisha yule fundi akaja kwenye matofali yake. Kisha miiba ya mchicha ikang'olewa. Nilitazama juu nikamwona Bibi Minza dirishani, kichwa chake kimeegemea nondo.

Mzee Malimi alipotokea, baba alikuwa anahema, shati limelowa utomvu ambao haujatoka hadi leo. Akamwambia, "Mzee wangu, mahali pako ni hapa." Neno lile alilitamka taratibu, kwa l yake nzima. Mzee akajibu, "Asante, balozi," naye kwa l yake.

Jioni, anasafisha panga, baba aliniambia, "Koku, nilisikia neno nikaacha kumsikia mtu."

Jumapili kweli ilikuwa mbali. Bibi Minza alifariki Jumamosi. Watu wa Magu walikuja, wengi kama mzee alivyosema, wakakuta uwanja, wakaketi juu ya mikeka na majani ya migomba yetu. Na ngazi je? Sanduku lilisubiri chini. Shija, baba, yule Mjita na yule fundi walimbeba kwa blanketi, kila mtu na pembe yake. Kwenye ile kona walisimama, wakamwinua juu ya mkono wa ngazi, wakamgeuza polepole kama unavyomgeuza mtoto aliyelala. Basi nikawa nimejua watu wa ghorofani hutokaje. Hutoka mikononi mwa majirani.

Shija alikuja kuoa Ukerewe. Usinitazame hivyo.

Sasa sikia, mjukuu wangu. Juzi ulinionyesha funguo za nyumba yako kwenye maghorofa mapya kule Pasiansi, nikafurahi mno. Kisha ukaniambia mnagawana uwanja kwa mistari ya rangi, kila mwenye gari na kipande chake. Nikakuuliza watu watakaa wapi, ukacheka ukasema, "Bibi, watu gani?" Hao hao. Wanaokanyaga juu ya kichwa chako na wewe unaokanyaga juu ya vichwa vyao. Kumbi za kukodi zipo, najua, lakini kuna siku haziji na miadi. Nenda kawaambie wenzako muache sehemu isiyo ya mtu. Na jirani akija na neno linalokushangaza, usimjibu kwanza. Muulize tena, na ikibidi panda ngazi ukaone kilichomleta.

Mungu akubariki katika nyumba hiyo. Akupe majirani wenye mikono, na akupe masikio ya kuwasikia. Akupe mahari, mwanangu, na akupe mahali.