Mvua ya Sebuleni

Nilikuwa nimebakisha siku moja tu ya kutengeneza sauti ya mvua kwa kompyuta, na mwenye mchezo wa redio alikuwa ameshanionya: ile ya kwanza ilimkumbusha kibanda cha chipsi. Hii nyingine ikikataa, kazi inapewa mtu wa Nairobi. Nyumba ninayopanga Nakuru mjini iko juu ya baa, kwa hivyo nikabeba kompyuta na spika nikaenda kwa mama, kijijini Bahati.

Nilimkuta ameanika mahindi uani, turubai mbili zimejaa, chakula chetu hadi mavuno mengine. Mahindi yaliyopukuchuliwa yakinyeshewa yanaingia kuvu, na ile sumu yake huua watu. Tangu asubuhi alikuwa anatazama mawingu na kuguna.

"Kaa hapo sebuleni ufanye kazi yako," akaniambia, "lakini masikio yawe nje. Huku jikoni sioni uani."

Masikio nje! Na mimi nilikuwa nimefunga madirisha yote na kuning'iniza blanketi, ng'ombe wa jirani asiniharibie kazi.

Mvua ya kompyuta huanza na kelele tupu, ile shhh ya redio isiyoshika stesheni. Unaikata ukali wa juu, inakuwa mvua ya mbali, shambani. Juu yake unalaza kelele nyingine, vipande vifupi vifupi vyenye mlio wa bati, hayo ni matone. Chini kabisa unaweka ngurumo: kelele ile ile, ibaki besi peke yake, ipande haraka na kufifia polepole. Kusema ni rahisi. Kila nikibonyeza, mama anapaza sauti kutoka jikoni.

"Hizo ni viazi kwa mafuta!"

Nikapunguza ukali.

"Sasa ni mtu anafagia."

"Mama, tafadhali!"

"Kwani nimekudanganya?"

Nilikasirika, halafu nikaogopa, kwa sababu hakuwa amenidanganya. Matone yangu yalikuwa yanaanguka kwa mpango, kama askari wa gwaride. Nikayatawanya, mengine karibu, mengine mbali, mengine yachelewe kidogo. Mwishowe nikachomoa waya wa spika, nikavaa hedifoni nisikilize ngurumo peke yake, nikairudia na kuirudia hadi nikasahau kama kuna dunia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama alisimama pale na mwiko, uso umechangamka, midomo inasema kitu. Nikavua hedifoni.

"Ehe! Leo umeiweza," alikuwa anasema. "Hiyo sasa ndiyo mvua. Mpaka nimesikia baridi, ai!"

Nikatazama spika. Waya wake ulikuwa chini, kwenye mkeka. Juu ya mabati kishindo kilikuwa kinazidi.

"Mama," nikasema, "mahindi."