Siku Tisa za Eda Bariadi

Ninyi wa nyumbani Makete mnaoulizana baada ya ibada kama mwalimu wenu kaolewa Usukumani, tulieni. Sijaolewa. Kilichonileta Bariadi ni kifua. Mnajua wenyewe kipupwe chetu kinavyonitenda: Juni ikiingia, sakitu, ile barafu ya alfajiri, ikitanda juu ya viazi, mimi naanza kukohoa, na Agosti ikiisha bado nakohoa. Mwaka niliostaafu daktari alinisikiliza mgongoni, akakivua chombo chake masikioni, akasema, "Mwalimu, kipupwe kingine hapa sikuahidi kitu. Hamia kwenye joto." Nikamuuliza, kwa muda gani? Akasema, "Mimi nimesema hamia."

Ninyi niliwaambia nakwenda miezi miwili. Eda naye nikamwambia hivyo hivyo, nikamwachia ufunguo na kuku. Eda mnamjua, yule mchuma pareto asiye na mpinzani kijijini. Tuliolewa mwaka mmoja, nyumba zetu zinatenganishwa na uzio mmoja, na waume zetu tumewazika sote wawili tukishikana mikono. Jioni moja tukiota moto jikoni kwake tuliahidiana kwamba atakayebaki ndiye atakayemzika mwenzie. Sasa niambieni, mtu uliyemwahidi maneno kama hayo unamwambiaje kwamba unahama? Nilishindwa. Nikafunga mizigo yangu nikaondoka, mwoga mkubwa mimi.

Kutoka Makete hadi Makambako nilipanda lori la viazi, nikakaa mbele na dereva aliyeimba pambio moja njia nzima. Hapo nikapanda basi hadi Dodoma, na Dodoma nikashika treni. Jamani, treni ile! Tabora tulisimama mpaka watu wakaanza kupika uji kando ya reli, mwingine akafua nguo na zikakauka kabla hatujaondoka. Lakini kuanzia Tabora nilivua koti, Shinyanga nikavua sweta, na nilipopita Maswa kwa basi nilikuwa nimebaki na blauzi tu, nimetoa mkono dirishani kama mtoto. Nje kulikuwa na tambarare, ng'ombe, na mashamba ya pamba yaliyoanza kuwa meupe. Nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Haikukwaruza.

Bariadi nilipokewa na Mama Masanja, dada wa mwalimu mwenzangu wa zamani aliyenitafutia chumba. Ni mjane, mrefu, sauti yake unaisikia kabla hujaiona nyumba. "Mwadila, mayu!" alinisalimu, na alipoona nimekodoa macho akanifundisha kujibu palepale, mizigo ikiwa bado kichwani. Mayu ni mama, na kwa Mama Masanja kila mwanamke mwenye heshima zake ni mayu. Alinipa maziwa ya mgando na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, akakaa kunitazama nikila kama anayehesabu meno yangu.

Mwezi ulipokwisha nilikuwa sikohoi. Mama Masanja akaniambia, tena wakati anapepeta mchele, bila hata kuniangalia, "Mwalimu, kaa. Chumba hakina mtu, na mimi nimechoka kuongea na mbuzi." Nikamwambia nitakaa. Ilikuwa rahisi hivyo. Kilichokuwa kigumu kikaja kwa posta wiki ile ile: barua ya Eda. "Nakuja kukuona. Jumatano nitakuwa kwenye basi la Maswa. Nitakaa siku tisa." Basi nikajua nina siku tisa za kumwambia.

Jumatano saa nane mchana Eda aliteremka stendi akiwa amevaa sweta mbili, koti la marehemu mumewe, soksi za sufu na kilemba. Jasho linamtiririka. Watu wa stendi wakasimama kumtazama.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu kwa lugha yetu. "Hapa pana moto umewashwa wapi?"

"Hakuna moto, Eda. Ni hewa."

"Hewa!" Akavua koti, akavua sweta ya kwanza, ya pili, akanibebesha zote. Tulicheka mpaka tukashikana mabega katikati ya stendi, na pale pale nikaona siwezi kumwambia siku hiyo. Nikajipa siku moja ya kupumua.

Asubuhi iliyofuata Mama Masanja alitoka amejifunga shuka hadi puani, akilalamika kwamba baridi ya mwezi huu itamuua. Eda alikuwa amekaa uani na kanga nyepesi, mabega wazi, akinywa chai na kumshangaa. "Huyu akiona sakitu atafanyaje?" akaninong'oneza. Baadaye nikampeleka sokoni. Siku hizi soko huria limefunguliwa na Bariadi imejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni: sabuni za rangi, redio za kaseti, mitumba imelundikwa chini kama mavuno. Eda akachagua gauni jepesi la maua makubwa, akalivaa hapo hapo juu ya lile alilokuwa nalo.

Lakini kitu kimoja kikaanza kunikera. Mgeni wangu alikuwa mkaguzi. Alimuuliza muuza nyanya kisima cha maji ya kunywa kiko umbali gani. Aliingia kanisani siku isiyo ya ibada akahesabu mabenchi. Alikwenda hospitali, mzima wa afya, akakaa kwenye foleni ya wagonjwa kusikiliza wanavyohudumiwa. Chumbani kwangu akabonyeza godoro, akagonga ukuta, akachungulia paa. "Hapa panavuja," akasema. Nikasema mvua hakuna. "Masika itakuja," akanijibu. Nikaudhika. Nikasema moyoni, huyu amekuja kutafuta kasoro ili nirudi naye.

Siku ya nne tulikwenda Nyashimo, tukateremka mpaka Nassa kuliona ziwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia huko, mbele ya maji mengi, ambako mtu akilia haionekani sana. Tukanunua sato wa kukaanga na ugali kwa mama mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tukakaa juu ya jiwe. Nikafungua mdomo. "Eda, nina jambo."

"Subiri nimalize samaki, miiba itanikaba," akasema. Akamla yule samaki taratibu, kichwa, mkia, akafyonza hadi macho. Alipomaliza akainuka kwenda kumuuliza yule mama kama samaki wanafika Bariadi wakiwa wabichi. Nikabaki na jambo langu mdomoni, nikalimeza pamoja na ugali uliobaki.

Siku ya sita ndiyo siku ya aibu. Mama Masanja alikuwa na shamba la pamba nyuma ya nyumba, na Eda, ambaye hajui kukaa bure, akaomba kusaidia kuchuma. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Mama Masanja akamfunga kiunoni shuka la kuwekea pamba, akamwonyesha mistari, akakimbilia mtaani kusikiliza wanunuzi. Zamani alisubiri chama cha ushirika tu. Mwaka huu malori ya kampuni tatu yanazunguka, kila moja na mzani wake na kipaza sauti chake.

Niliporudi na ndoo kichwani nikakuta Eda amemaliza mistari minne. Minne! Kwa muda ambao mimi nachuma nusu mstari. Amesimama ananitazama kwa fahari, shuka limevimba. Nikachungulia ndani. Ee Mungu wangu. Alikuwa amechuma kama tunavyochuma pareto: kichwa kizima, kata, tia kapuni, kichwa kizima, kata, tia kapuni. Vitumba vilivyofunguka na maganda yake, vitumba vilivyofunga, vibichi, vya kijani, vyote. Nyuma yake mistari minne ilikuwa imesimama mikono mitupu.

"Eda," nikasema, "pamba inavutwa. Unavuta ile nyeupe kwa vidole, ganda linabaki kwenye mti. Na hivi vibichi vinaachwa vikomae."

Uso wake ukabadilika. "Na mimi nikashangaa maua gani haya, magumu hivi kukatika." Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa mikono miwili. Nami nikaogopa. Pamba ndiyo mwaka mzima wa Mama Masanja. Nikawaza, chumba kimekwenda, na aibu ya kumwambia Eda imeisha yenyewe kwa sababu sasa kweli nitarudi naye.

Mama Masanja akatokea kwenye kona. Akalitazama shamba. Akalitazama shuka. Akatia mkono, akatoa kitumba kimoja cha kijani, akakizungusha.

"Mayu," akamwambia Eda hatimaye, "hii pamba umeizalisha kabla ya miezi yake."

"Nisamehe, mama. Nisamehe. Sikujua."

"Umechuma mistari minne asubuhi hii?"

"Minne."

"Peke yako?" Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, mpaka akalazimika kukaa chini karibu na Eda. "Mikono gani hii! Ungekuwa umefundishwa ungenimalizia shamba kabla ya Jumapili!" Halafu akapangusa macho, akawa mtu wa kazi. Vibichi tukavianika juu ya paa la banda. Vingine vitapasuka, akasema, vitatoa pamba fifi, ile hafifu ya manjano. "Wenye malori siku hizi wanachukua hata fifi. Majirani wanaichanganya katikati ya nyeupe. Mimi sichanganyi, itauzwa kama ilivyo." Kisha akamshika Eda vidole, kimoja kimoja, akamfundisha kuvuta.

Eda alichuma siku mbili mfululizo, hakutaka hata chai. Siku ya nane Mama Masanja akachinja jogoo, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya Eda. Eda akasita. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ni mimi," Mama Masanja akasema, "na mimi nampa mchumaji wangu. Kula."

Niliona Eda anatafuna polepole, machozi yakimlengalenga. Mimi nami nilikuwa bado sijasema. Nikageukia kuosha vyombo.

Siku ya tisa nikamsindikiza hadi Shinyanga kwenye treni. Njia nzima tuliongea habari za kuku. Stesheni, jua limeshuka, abiria wanapandisha magunia, nikaona sasa sina tena pa kukimbilia. "Eda, mimi..."

"Hurudi," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Mwalimu, mtu anayekwenda miezi miwili habandui picha ya mumewe ukutani. Niliingia kulisha kuku wako nikaona msumari mtupu. Nikajua siku ile ile." Alikuwa anafunga vizuri kamba ya kifurushi chake, hanitazami. "Nilikasirika mwezi mzima. Nikasema nakwenda kumrudisha, hata kwa kumburuta. Kisha nikamuuliza daktari, akaniambia. Basi nikaja kuangalia unapokaa."

"Ndiyo maana ulikuwa unagonga kuta?"

"Ningemwachia mtu rafiki yangu bila kuangalia paa? Linavuja, nimeshamwambia Mama Masanja, atalitengeneza. Maji yapo. Kanisa lipo. Na yule mama nimemharibia pamba yake akanichinjia jogoo. Utakaa naye vizuri." Hapo ndipo aliponitazama. "Ile ahadi yetu ya kuzikana naifuta. Nikikurudisha nitaitimiza mwakani, na mimi sitaki kukuzika. Nataka ukae huku ukinipa kazi ya kuandika barua."

Nililia, sitaki kuwaficha. Nililia kwa sauti mpaka mama wa karanga akaniletea kiti. Eda akapanda treni na gauni lake la maua, sweta zote mbili mkononi, akanipungia mpaka behewa likapotea. Kwa siku tisa nilijiona mwenyeji ninayemtunza mgeni, kumbe mgeni ndiye aliyekuwa amekuja kunikabidhi mahali salama. Hilo ndilo nililojifunza, na ndiyo sababu mtaendelea kuona nyumba yangu imefungwa. Msimsumbue Eda kwa maswali.

Barua yake ya kwanza imenifikia. Anasema alikuwa ameficha kitumba kimoja kibichi mfukoni, akakiweka darini juu ya moto jikoni kwake, kikapasuka. "Nimeivuta ile nyeupe kwa vidole, polepole," ameandika. "Ganda nimeliacha. Kipupwe kingine kikija nakuja huko kuota joto na wewe. Mwambie Mama Masanja asiniache peke yangu shambani."